Tia leso sandukuni ukienda Maskati

Waswahili husema ukenda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Lakini msafiri aendaye Oman hahitaji kuvunja chochote. Ajue tu wenyeji wake wameweka mpaka wapi.

Wengi, hasa wanafunzi, hudhani nchi zote za Kiislamu hushika sheria moja. Sivyo. Nchini Iran, kufunika nywele kuliwekwa kwenye sheria mwaka wa 1983, na mgeni hakusazwa. Saudi Arabia ilipoanza kutoa viza za watalii mwaka wa 2019, ilitangaza kuwa wanawake wa kigeni hawatalazimishwa kuvaa abaya, mradi wajisitiri. Oman nayo haimlazimishi mgeni kujitanda mtandio barabarani. Hutarajia mabega na magoti yafunikwe, ya mwanamke na ya mwanamume pia. Naam bwana, kaptura iache hotelini!

Msikitini mambo ni mengine. Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, uliofunguliwa mwaka wa 2001, hupokea wasio Waislamu asubuhi, isipokuwa Ijumaa. Mwanamke hutakiwa kufunika nywele, mikono hadi viganja na miguu hadi vifundo. Mwanamume huvaa suruali ndefu. Asiyetimiza hayo hurudishwa langoni, asilione zulia la mita 70 kwa 60 lililofumwa na mafundi wa Iran. Safari yote ile, kisha aambulie kuta za nje!

Kuna atakayeuliza: kwa nini nijibadilishe kwa ajili ya watu wengine? Lakini hata huku kwetu, nani huenda kwa wakwe na kaptura? Hujioni umedhalilika, umemheshimu mwenye nyumba, naye hukufungulia mlango.

Dawa ni leso. Ni ya pamba, hivyo huvumilika hata joto linapopita nyuzi 40 wakati wa kiangazi. Utajitanda kichwani, utaitupa begani au kuifunga kiunoni juu ya suruali inayobana.

Mwisho, chunga ulimi. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, familia nyingi zenye asili ya Oman zilihamia huko, zikaenda na Kiswahili chao. Ukiwakejeli wenyeji na mavazi yao katika soko la Mutrah, tahadhari: bibi anayenunua ubani kando yako huenda akageuka akakujibu, tena kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko chako.