Kutoka Elerai Hadi Tongoni

Tulitoka Elerai baada ya sala ya Alfajiri, motokaa tukiiendesha wenyewe, Mlima Meru ukabaki nyuma yetu. Tukapita Moshi, Same na Korogwe, na baada ya kilometa zaidi ya 400, Alhamdulillahi, tukalala Tanga.

Kesho yake tukashika njia ya Pangani iambaayo pwani, tukasimama Tongoni. Hapo umesalia msikiti wa kale wa mawe ya matumbawe, usio na paa, na makaburi zaidi ya 40 ya Waislamu waliotutangulia; nguzo zake nyingi zimeanguka. Karibu na pwani hii Vasco da Gama aliichoma meli yake São Rafael mwaka 1499. Kijana wetu hakuijali habari hiyo. Aliwatolea salamu watu wa makaburini, nasi wazazi, tulioshughulika na kamera, tukaitikia “Amin” kwa haya.