Mji wa Kale Utazamwapo Kutoka Ng'ambo

Sisi wa Mji wa Kale, Mombasa, tumeuzoea mji wetu kwa ndani: vichochoro, mabaraza na milango ya nakshi. Uso wake wa baharini tumewaachia wageni wanaokula ng'ambo, Nyali, katika mikahawa ya bei ya juu inayoelekea Bandari ya Kale.

Juzi, baada ya alasiri, tuliwachukua bibi zetu huko. Tulitangulia kuuliza kwa simu iwapo nyama ni halali na iwapo ipo meza iliyo mbali na ulevi. Wenye familia na waulize hayo kabla ya kutoka nyumbani, si baada ya kuketi. Tulipewa pembe tulivu, na mabuibui hayakumshangaza mtu.

Wali wa nazi ulikuwa wa kadiri (majumbani mwetu hupikwa bora), ila samaki wa kupaka alistahili sifa. Kushoto ilisimama Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, na Waomani wakaitwaa mwaka 1698 baada ya kuizingira kwa zaidi ya miaka miwili. Kulia zilijipanga nyumba kongwe juu ya maji.

Bibi mmoja alilitafuta paa la nyumba aliyozaliwa. Mahali pake pana ghorofa la saruji. Alinyamaza kitambo, kisha akaanza kuwatajia wajukuu zile nyumba zilizosalia, moja baada ya moja, na waliopata kuishi humo. Chakula kilipoa, nasi hatukumhimiza ale. Adhana ya magharibi ilivuka maji naye hajamaliza.