Antena iliyo nyuma ya jiko letu

Wengi mmetuuliza, hata wanafunzi darasani, ule mti mrefu nyuma ya jiko letu wenye kitu kama mifupa ya samaki ni wa nini. Sio wa televisheni. Ni wa simu, na tumeona tuwaeleze yote pamoja na aibu yake.

Sisi ni Wakongo, tunakaa hapa Gorom, nje ya Juba. Goma ilipotekwa mwisho wa Januari 2025, kaka yetu mkubwa alikuwa huko. Simu yake ikawa haipatikani. Kila jioni mama alikwenda kusimama chini ya mwembe kule njiani, maana kwetu rezo ni mstari mmoja, na ukiingia ndani hakuna kabisa. Anarudi giza limeingia. Ndipo tukachanga posho zetu za ualimu, tukanunua busta sokoni Konyo Konyo.

Busta ina vitu vitatu: antena ya nje inayoangalia mnara, sanduku la umeme, na antena ndogo ya ndani. Haitengenezi rezo. Inachukua ile kidogo iliyoko nje, inaiongeza nguvu, inaimwaga ndani. Kama nje hamna kitu, pesa imepotea.

Muuzaji alituambia tufunge popote. Basi tukafunga ya nje juu ya paa, ya ndani chini yake hapohapo, katikati turubai tu. Tulipowasha, mistari ilijaa! Mama akapiga makofi. Lakini kila tukipiga simu sauti inakatika, na taa nyekundu inawaka. Usiku jirani yetu, mama wa Kisudani kutoka Darfur, akabisha hodi: "Mwalimu, tangu muwashe hicho kitu, simu yangu imekufa. Na mimi nangoja watu wangu."

Tulizima palepale. Kesho yake mama hakusema neno, alichukua kitenge chake akaenda mwembeni.

Kosa lilikuwa hili: antena mbili zikikaribiana, ya nje inasikia ya ndani, mashine inajiongeza yenyewe mpaka inavuma, kama maikrofoni ya kanisani ikisogezwa kwenye spika. Kelele hiyo inafika hadi mnarani na kuwasumbua majirani. Ndiyo sababu nchi nyingi zinataka kibali kwanza. Sisi tulikwenda ofisi ya kambi tukiwa tumeshachelewa, tukaandika barua, tukangoja. Msifanye kama sisi.

Tulipokubaliwa, tulianza upya kwa kupima. Weka simu kwenye 2G, bonyeza *#*#4636#*#*. Android nyingi zitaonyesha namba yenye alama ya kutoa. Ikikaribia sifuri ndiyo nzuri: -85 inafaa, -110 ni taabu. Tembea polepole, simama kidogo kila mahali, maana namba inachelewa kubadilika. Mlangoni tulipata -107, nyuma ya jiko juu ya ngazi -93. Basi mti ukasimama hapo, mbali na nyumba, antena ikielekea mnara na kuipa nyumba mgongo. Waya usiwe mrefu kupita lazima, nao unakula nguvu. Tukapunguza nguvu ya sanduku hadi taa nyekundu ikazimika, kisha tukamwita jirani apige simu akiwa kwake. Ikapita. WhatsApp haikubadilika, kwa sababu busta yetu imeandikwa 900, na hapa kwetu inasaidia sauti tu.

Mvua ya Aprili ikaja, kimya tena. Tulidhani sanduku limeungua, kumbe maji yaliingia kwenye kiungo cha waya huko juu. Tulikikausha juani, tukakifunga kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Waya nao tukauacha uning'inie kidogo kabla ya kuingia nyumbani, ili maji yadondoke nje.

Jumapili moja ya Mei, namba ya Uganda ikaita. Mama alipokea akiwa amekaa kitandani. Kaka yuko Kisoro, mzima, amekonda. Waliongea hadi salio lake likaisha, na mama akaendelea kusema "alo, alo" peke yake.

Betri ya sola inatosha kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tatu usiku. Saa hizo mlango wetu uko wazi. Jirani yetu wa Darfur hukaa pale karibu na dirisha, simu mapajani. Ya kwake bado haijaita.