Mgeni na Jembe

Wahenga walinena: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tangu machafuko ya Rwanda ya 1959, jamaa nyingi zilivuka mto Kagera zikaingia Karagwe, wilaya iliyomegwa mwaka 2012 ikapatikana na Kyerwa. Ardhi ilikuwa tele, malisho mapana, na mgomba ulilisha watoto bila fedha nyingi. Wageni wakashika jembe, wakalima, wakaoa, wakazika. Lakini Julai 2013 Rais Kikwete aliwaamuru wasio na kibali waondoke katika majuma mawili. Wakaondoka hata baadhi ya waliozaliwa hapo. Kumbe jembe humpa mtu chakula, halimpi uraia. Avutwaye na neema ya nchi ngeni na aulize mapema kama watoto wake watahesabiwa wenyeji.