Saa Mbili za Mkwe

Tunduma kuna saa mbili, na msomaji asidhani ni saa mbili ya usiku. Upande wa Tanzania jua likizama saa moja, jua lile lile huzama saa kumi na mbili ng'ambo ya mpaka, kule Nakonde katika nchi ya Zambia. Mtu akivuka kwa miguu kwenda kununua sukari hurudishiwa saa nzima ya umri wake, na akirejea hunyang'anywa. Wenyeji wamekwisha kuzoea. Mwenye kudaiwa hulipa kwa saa ya Zambia, na mwenye kudai hubisha hodi kwa saa ya Tanzania.

Katika mji huo wa Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, ipo nyumba moja ya vyumba vitatu na ukumbi mwembamba, ambayo amani yake ilitunzwa na saa hizo mbili kwa miaka mingi. Wenyewe ni Wanyakyusa wa Rungwe waliohamia kwa biashara. Mzee wa nyumba alifanya kazi Nakonde tangu ujana wake, na ingawa yeye amestaafu, saa yake ya mkononi haikustaafu: hadi leo inafuata majira ya Zambia. Mkaza mwana wake huishi kwa majira ya Tanzania.

Kwa mila ya Wanyakyusa, mke wa mwana haonani uso kwa uso na baba mkwe. Akimwona njiani humpisha kwa kujitenga pembeni. Hazungumzi naye, wala halitamki jina lake. Monica Wilson, mtaalamu wa Afrika Kusini aliyeishi na watu hao pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1951, Good Company, jinsi vijana walivyojenga vijiji vyao peke yao, mbali na vya baba zao, na kwamba kuwatenganisha wazee na wake za wana wao kulikuwa sehemu ya maana ya mpango huo. Kijiji kizima kikajengwa kando ili watu wawili wasikutane! Tunduma hapana nafasi ya kiasi hicho. Pana ukumbi wa hatua nane, na choo kimoja uani.

Basi mambo yakapangwa kwa saa. Mzee hutoka chumbani kwenda kula ifikapo saa kumi na mbili ya jioni, kwa saa yake. Kwa mkaza mwana hiyo ni saa moja, naye huwa amekwisha kutandika mkeka, ameandaa ugali na maharage, na amejifungia jikoni. Mjukuu wa miaka saba ndiye balozi. "Mwambie mama yako maharage yameiva vizuri." "Mwambie babu ahsante." Balozi asipokuwapo, mzee huzungumza na kuku: "Ewe kuku, maji ya kunawa yako wapi?" Na kuku hujibu, kwa sauti nyembamba itokayo nyuma ya mlango.

Ulimi nao una mipaka yake. Jina la mzee linakaribiana na neno la Kinyakyusa la chumvi. Kwa hivyo katika nyumba ile chumvi huombwa kwa Kiswahili, lugha isiyomjua baba mkwe wa mtu. Wanawake wa Kizulu wana desturi kama hiyo, iitwayo hlonipha, ya kuepa hata silabi za jina la mkwe. Wala watu wa pwani wasicheke sana: ni wake wangapi wa visiwani waliozeeka bila kulitaja jina la mume, kila siku "baba fulani"?

Siku moja simu ya mkaza mwana ilinasa mnara wa Zambia, ikajirudisha nyuma saa nzima bila kuaga. Akaitazama: saa kumi na mbili. Akaona anao muda wa kutosha kufagia ukumbi. Mzee naye akaitazama saa yake ya mkononi: saa kumi na mbili. Kwa mara ya kwanza saa za nyumba ile zilikubaliana, na kukubaliana huko ndiko kulikoleta balaa. Mlango ukafunguka, ufagio ukaanguka, mwanamke akajitupa nyuma ya kochi na kujigubika khanga. Mzee akaugeukia ukuta, akausalimu kwa heshima zote, kana kwamba ukuta ndio ulioolewa na mwanawe. Wakakaa hivyo hadi mjukuu aliporudi kutoka dukani.

Kicheko hicho kilidumu hadi msimu wa mvua. Siku hiyo mume alikuwa safarini na lori, njia ya Lusaka. Mama mkwe alikwenda matangani Tukuyu. Mtoto alikuwa shuleni. Uani ukasikika mshindo. Mkaza mwana akapiga hodi mara tatu kwenye mlango wa choo, asijibiwe. Akajifunika khanga usoni, akaacha upenyo wa kuona miguu tu, akaingia. Akamwinua mzee, mzito kama gunia la mahindi, akampakia kwenye bajaji.

Hospitalini muuguzi akashika kalamu.

"Jina la mgonjwa?"

Kimya.

"Dada, jina la mgonjwa?"

"Ni babu wa mwanangu."

"Na babu wa mwanao anaitwa nani?"

Mgonjwa mwenyewe hakuwa na kauli. Waliopanga foleni wakaanza kunung'unika. Mmoja akauliza kama mzee huyu ameokotwa njiani. Jasho likamtoka mwanamke. Kulitamka jina ni kumvunjia heshima mtu aliyemheshimu kwa miaka tisa. Kunyamaza ni kumwacha afe kwa adabu. Ndipo akanyoosha mkono.

"Nipe hiyo kalamu."

Akaliandika jina lote, herufi baada ya herufi, bila midomo kutikisika. Mila iliukataza ulimi. Habari za kalamu haikuwa imezisikia.

Mzee alirudi nyumbani baada ya siku nane. Jioni, saa kumi na mbili kwake na saa moja kwa mkaza mwana, alikaa mkekani, akala, akanawa. Kisha akaitoa kadi ya hospitali mfukoni, akaitazama kwa muda mrefu, akamwita balozi.

"Mwambie mama yako," alisema, "ana mwandiko mzuri."

Nyuma ya mlango wa jikoni, kuku hakujibu.