Tulivyomwombea Mama Visa

Sisi watu wa kikundi cha Mashahidi wa Uganda, katika parokia moja ya Bukavu, tulizoea kuona wageni wakituombea vitu: dawa, vitabu, hata mabati ya kanisa. Lakini mwaka 2023 mambo yaligeuka. Safari hii ni sisi tuliomwombea mgeni, tena kitu tusichokijua vema: visa ya matembezi.

Mgeni huyo ni mama wa Italia, mwuguzi, si mtawa, aliyefika kwetu mwaka 1982. Wazee husema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Yeye alishika jembe lake katika dispansari miaka 41, na wengi wetu tulizaliwa mikononi mwake. Sasa miguu yake ilichoka, naye alikuwa karibu kurudi kwao, mwezi wa Julai. Akatuambia neno moja tu: «Wanangu, kabla sijaondoka nataka kusali Kibeho na Namugongo pamoja nanyi.»

Nani angekataa? Hati zetu sisi Wakongo tulikuwa tumekwisha kuzitengeneza. Ikabaki hati ya Mama. Tukauliza huku na huku, tukajifunza kwamba tangu mwaka 2014 Rwanda, Uganda na Kenya hutoa visa moja kwa watalii. Bei yake dola 100. Inafaa kwa siku 90, na mwenye nayo aweza kupita toka nchi moja kwenda nyingine kati ya hizo tatu pasipo kulipa tena. Kongo yetu haimo katika mapatano hayo, ingawa iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022.

Kijana wetu mmoja akaketi mbele ya mashini, nasi tukamzunguka kama watu wanaomtazama fundi wa saa. Pasipoti, itakayodumu zaidi ya miezi 6: iko. Foto: iko. Karti ya chanjo ya homa ya manjano: iko. Halafu mashini ikauliza: mnaomba kwa nchi gani? Hatukufikiri hata kidogo. Tukajibu: Uganda! Maana mioyo yetu ilikuwa Namugongo, mahali Karoli Lwanga na wenzake walipochomwa moto tarehe 3 Juni 1886. Siku chache baadaye barua ya kukubali ikafika. Tukaimba, tukapika, tukafunga mizigo.

Tarehe 29 Mei tukavuka daraja la Ruzizi. Afisa wa Rwanda akaisoma barua polepole, kisha akasema kwa upole: «Barua hii ni ya kweli, lakini visa ya nchi tatu huombwa kwa nchi ile mnayoingia kwanza. Hii imetolewa na Uganda. Lazima ianze kazi Uganda. Hapa Mama atalipa visa ya Rwanda, dola 50.»

Kumbe jambo hilo lilikuwa limeandikwa wazi. Sisi tulisoma jina la Mama na neno «imekubaliwa», mengine tukayaacha.

Fedha za mfukoni zilikuwa zimehesabiwa zote: gari, malazi, chakula. Tulipokuwa tukinong'onezana, mtu mmoja tusiyemjua akatukaribia. «Mbona mnasumbuka? Mimi najua njia. Mama atapita kama mtu wa sokoni, hakuna atakayeuliza.» Tuseme kweli, wasomaji: wengine kati yetu walitikisa kichwa kukubali. Tulikuwa twaona aibu mbele ya Mama, na aibu ni mshauri mbaya.

Mama alisikia yote. Akasema: «Miaka 41 niliwaambia wagonjwa waniambie kweli ndipo niwape dawa. Leo niende kwa Mashahidi kwa njia ya uwongo? Nendeni ninyi, mniombee. Mimi nitarudi Bukavu.» Akainua mfuko wake mdogo.

Hapo mzee wetu wa kikundi akaushika mfuko ule. «Mama, kosa si lako, ni letu. Hatukutoka nyumbani twende bila wewe.» Akafungua bahasha ya chakula, akahesabu dola 50, akamrudishia mlinzi wa sanduku ile bahasha, nayo imekuwa nyembamba kabisa. Mama akapata muhuri wake. Mtu yule wa njia alikuwa amekwisha kwenda zake.

Toka siku ile tulikula ndizi na viazi vya kuchemsha. Tulisali Kibeho, mahali Bikira Maria alipowatokea wanafunzi kuanzia tarehe 28 Novemba 1981, jambo ambalo Askofu Augustin Misago alilithibitisha mwaka 2001. Tukafika Gatuna, na hapo barua yetu ya Uganda ikapata kazi yake. Wala haikupotea: wakati wa kurudi, ilimpitisha Mama tena Rwanda pasipo kulipa.

Tarehe 3 Juni tulikuwa Namugongo kati ya watu wengi mno. Mama alipiga magoti pale chini, akakaa hivyo muda mrefu. Mzee wetu alisimama nyuma yake, akimkingia jua kwa mwavuli.

Mwezi wa Julai tulimsindikiza. Leo hatunaye, lakini karatasi ile ya visa tumeifanyia nakala, iko katika sanduku la kikundi. Vijana wakitaka kumsindikiza mgeni, twaitoa na kuwaambia: someni barua mpaka mwisho, na kabla ya kuomba ulizeni mlango wa kwanza ni upi. Na mkikosea, kubalini hasara mchana kweupe. Viazi vya kuchemsha havijaua mtu.