Homa, Degedege na Maji ya Uti wa Mgongo



Ndugu wazazi, sisi walimu wa madrasa huletewa watoto wenye homa kali, wanaoweweseka na kushikwa na degedege, tuwasomee kwa kuwa eti wamepagawa na jini. Kisomo ni haki na tutaendelea kusoma. Lakini Mtume wetu (S.A.W.) ametuamrisha pia kutafuta dawa, na katika maradhi haya saa chache zina uzito mkubwa.

Yapo maradhi ya virusi vinavyoingia katika ubongo na kuuvimbisha. Dalili zake ni homa, kichwa kuuma, kuchanganyikiwa, kubadilika tabia, degedege na kupoteza fahamu. Malaria kali hufanana nayo, hivyo damu hupimwa. Kisha daktari huomba kutoa maji ya uti wa mgongo, na hapo ndipo wazazi wengi hukimbia.

Baba wa mwanafunzi wetu mmoja alikataa, akisema jirani yake alikufa baada ya sindano hiyo. Tukaenda naye kwa daktari, naye akatueleza kuwa sindano huchomwa chini kiunoni, mahali ambapo uti wenyewe umeshakwisha, na kwamba kinachoua sana ni maradhi yaliyocheleweshwa. Baba akaridhia.

Ilikuwa hepesi, kirusi kile kile kinacholeta vidonda vya homa mdomoni. Dawa yake ni asikloviri, hutiwa mshipani kwa siku 14 hadi 21. Bila dawa, takriban wagonjwa 7 katika 10 hufa. Ikianzwa mapema wengi husalimika. Ndiyo maana madaktari huianza kabla ya majibu kurudi. Virusi vingine, kama vya West Nile vilivyogunduliwa hapa Uganda mwaka 1937, havina dawa maalumu; mgonjwa husaidiwa kwa maji, oksijeni na dawa za kuzuia degedege.

Mtoto yule yu hai, Alhamdulillah, lakini kirusi hiki hupenda kushambulia sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu. Alikuwa amehifadhi hadi Surat al-Mulk. Sasa tumemrudisha Juzuu Amma, aya moja moja, na tumewakataza wenzake kumcheka.

Basi wazazi, mkiona dalili hizi nendeni hospitali kwanza, iwe usiku au mchana. Mwulizeni daktari kila mnachokiogopa. Sisi tuiteni huko huko, tutasoma kando ya kitanda huku dripu ikitiririka.

Allah awaponye wagonjwa wetu wote. Amin.

Wabillahi Tawfiq.